Udongo Mweusi, Udongo Mwekundu: Niliyojifunza Nikichimba Misingi Nairobi

Msimamizi wa mjengo anapofika kwenye kiwanja kipya jijini Nairobi, huangalia rangi ya udongo kabla ya kuifungua ramani. Nimekuwa katika kazi hii tangu ujana wangu, nilipokuwa kibarua wa kubeba mawe, hadi nikawa fundi na baadaye msimamizi, na kwa muda wote huo nimelijua jiji hili kwa kulichimba. Upande wa magharibi, kuanzia Kileleshwa na Lavington hadi Karen na kupanda kuelekea Kikuyu, udongo ni mwekundu, una kina, hupitisha maji na hautikisiki. Upande wa mashariki, kuanzia Donholm na Embakasi hadi Kayole na Ruai, udongo ni mweusi. Wakati wa masika hunata kwenye viatu hadi mtu anachoka kuinua miguu, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo nimewahi kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko bila kugusa chini. Huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, mwaka nenda mwaka rudi, na nyumba iliyosimamishwa juu yake bila maandalizi hupasuka kuta kabla mwenyewe hajamaliza kulipa mkopo aliojengea.

Dawa yake inajulikana na kila fundi. Udongo mweusi wote huondolewa hadi maramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, au mwamba uonekane, wakati mwingine zaidi ya mita moja kwenda chini, halafu shimo hujazwa mawe yaliyovunjwa na maramu iliyoshindiliwa vizuri, ndipo msingi uanze. Malori ya kutoa udongo na malori ya kuleta mawe hulipwa kabla ya ukuta kuonekana juu ya ardhi. Kwa hiyo mfanyakazi wa kima cha chini anayejenga vyumba vyake Kayole hulipia ardhini gharama ambayo tajiri wa Lavington haijui kabisa, na yule asiyeweza kuilipa hujenga hivyo hivyo, akaishi na nyufa.

Maumbile ndiyo yaliyoutandaza udongo huo. Miamba iliyo chini ya jiji lote ni ya volkano, na wataalamu wa ardhi hueleza kwamba penye miinuko inayopitisha maji miamba hiyo ilioza ikawa udongo mwekundu, na penye tambarare ambapo maji hutuama ikawa udongo mweusi. Lakini ni watu walioamua nani aishi juu ya upi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwezi Mei 1899, na wahandisi walipachagua mahali hapa kwa sababu ya maji yake na kwa sababu palikuwa tambarare ya kufaa kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Walitaka uwanja wa karakana na maghala. Palikuwa ni nyika ya nyasi yenye kinamasi, ambapo Wamaasai walinywesha mifugo yao, na kambi ya reli ikakua ikawa mji kabla ya mtu kupanga maji machafu yangeelekea wapi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na watawala wakaamuru soko hilo litiwe moto. Mwaka 1913 daktari mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe makazi, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wazungu walijitwalia miinuko ya magharibi yenye hewa na udongo mwekundu, na Waafrika wakaelekezwa mashariki: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na mitaa mingine iliyofuata tambarare.

Hapa namwomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu mfuatano huu ndio ulionifungua macho kuliko jambo lingine lolote katika kazi yangu. Maji yaliyotuama yalizaa ugonjwa, ugonjwa ukawapa watawala hoja, hoja ikachorwa kuwa mpaka, na mpaka huo ukawaweka watu wenye kipato kidogo zaidi juu ya udongo ulio ghali zaidi kuujengea, tena mahali ambapo kila kitu kinachomwagwa juu hufika chini. Uhuru ulikuja mwaka 1963 na sheria za ubaguzi wa rangi zikafutwa, lakini mteremko haukufutwa. Mtoto anayezaliwa leo Dandora, zaidi ya miaka mia moja baada ya Simpson, bado anaishi chini ya uamuzi ule, ingawa aliyeuamua alikwisha kufa na jina lake halitajwi mtaani.

Hata miti imefuata njia hiyo hiyo. Mgeni anayepita katika mitaa ya magharibi hudhani kwamba vivuli vile vimekuwapo tangu mwanzo wa dunia. Ni kweli kwamba misitu kama Karura ni mabaki ya misitu ya asili ya nyanda za juu, lakini miti mingi ya barabarani na ya viwanjani ilipandwa kwa mkono. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia, ikapandwa ili ikaushe kinamasi na itoe kuni. Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu aina zinazokua haraka, kwa kuwa treni za wakati huo zilihitaji kuni. Mijakaranda inayotandaza maua ya zambarau barabarani kila Oktoba asili yake ni Amerika Kusini. Viwanja vikubwa vyenye udongo mzuri viliipokea miti hiyo, ikakua, ikaleta ndege na ubaridi, na ubaridi ukapandisha bei ya viwanja. Mashariki viwanja vilikuwa vyembamba, na udongo wenyewe ulikuwa na kipingamizi chake: mzizi wa mti mkubwa hunyonya maji ya udongo mweusi upande mmoja wa nyumba, udongo unywee upande huo peke yake, na ukuta upasuke. Mimi mwenyewe huwashauri wenye nyumba Kayole na Umoja wasipande mti mkubwa karibu na ukuta, na ninapotoa ushauri huo najua kwamba ninawanyima kivuli. Ndiyo maana namsikiliza kwa uchungu anayesema kwamba watu wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki, hawapendi miti.

Ninaishi Dandora. Mtaa huu ulipimwa katika miaka ya 1970 kwa mpango uliozipa familia kiwanja chenye maji na choo, kisha kila familia ikajijengea vyumba kadiri ya uwezo wake. Katika miaka hiyo hiyo jiji lilianza kutupa taka zake hapa, katika machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa, kando ya Mto Nairobi. Msomaji asiye wa kazi ya mjengo huenda asione uzito wa jambo hilo. Mawe yetu ya kujengea ni majivu ya volkano yaliyoshikamana zamani sana yakawa mwamba, na hukatwa kwa nyundo na tindo kutoka machimbo ya pande hizi za mashariki. Jiji lilichukua mawe likajenga, likaacha mashimo, kisha likayarudia mashimo hayo na kila lilichokuwa halikitaki tena. Dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kuja.

Moshi wake hupanga maisha yetu. Jirani yangu mwenye duka hutoka mlangoni asubuhi, akatazama moshi unaelekea wapi, akaniita, "Mzee, leo upepo umegeukia kwetu, waambie nyumbani waanue nguo." Kina mama huamua siku ya kufua kwa upepo, si kwa jua. Walio na watoto wenye pumu hufunga madirisha na kuziba mwanya wa chini ya mlango kwa tambara lililoloweshwa, na wanaopanga vyumba huulizia upande wa upepo kabla ya kuulizia kodi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jiji hili hili, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo, na nusu yao walikuwa na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichofika au kupita kipimo kilichokuwa kikikubaliwa wakati huo. Wale watoto sasa ni watu wazima, na baadhi yao wamefanya kazi kwangu kama vibarua.

Wakati huo huo maelfu ya watu wanapata riziki hapo. Plastiki, chuma, karatasi na mifupa huokotwa, huchambuliwa, hupimwa kwa mizani na kuuzwa, na bila mikono hiyo jiji lingezama katika taka zake mapema zaidi. Nimewasikia wenye nia njema wakisema dampo lifungwe kesho, na nimewasikia waokotaji wakiuliza watakula nini keshokutwa, na naona kwamba swali la pili lina haki ya kujibiwa kwanza. Ndege pia wamejipanga upya. Korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, ambao porini hufuata mizoga, hula dampo mchana pamoja na watu, na wengine hujenga viota juu ya migunga ya barabarani karibu na Uwanja wa Nyayo, kana kwamba jiji lilipandwa kwa ajili yao.

Mto nao una masimulizi yake, na niliyaelewa nilipoufuata kuelekea juu. Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, mahali palipofunikwa na matete na majani yanayoelea juu ya maji kiasi kwamba ukikanyaga unahisi ardhi ikibonyea. Nilipofika huko nilimkuta mzee mmoja akilisha ng'ombe wake pembeni, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Dandora, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, basi wewe unakunywa maji tuliyonawia." Nilimjibu kwamba hatuyanywi tena, hatuwezi. Hapo Ondiri palikuwa na miche ya mianzi iliyopandwa na wakazi, kwa sababu kinamasi nacho kina taabu zake: visima vinavyochimbwa pembeni na mashamba ya mboga na maua hunyonya maji kutoka hazina ile ile inayolisha mto.

Kutoka hapo mto huteremka ukipokea. Hupokea maji ya machinjio, ya vyoo visivyounganishwa na mfereji mkuu, ya gereji zinazomwaga oili karibu na Barabara ya Kirinyaga, ya wafua vyuma wa Kamukunji na ya soko la Gikomba, na unapofika kwetu umekuwa mweusi na harufu yake hufika kabla yake. Kando yake kuna mashamba madogo ya sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe, ambayo humwagiliwa kwa maji hayo hayo, na nyakati nyingine wakulima huzibua mfereji wa maji machafu makusudi kwa sababu una mbolea. Watafiti wamekuta madini mazito, ikiwemo risasi, katika mboga zinazokuzwa hivyo. Mboga hizo hufungwa mafungu alfajiri na kupelekwa masokoni kote, hata yale yanayolisha jikoni za mitaa ya juu. Kwa hiyo jiji hula kile lilichomwaga, na hakuna ukuta wa umeme wala mlinzi wa getini anayeweza kuizuia risasi iliyojificha ndani ya jani.

Mvua ya mwaka 2024 ilileta fundisho hili mlangoni kwetu. Mwishoni mwa Aprili mito ya Mathare, Nairobi na Ngong ilifurika usiku, na watu wa Mathare na Mukuru wakapanda juu ya mabati na watoto mgongoni. Nchini kote zaidi ya watu 200 walikufa katika mafuriko ya msimu huo. Mvua ilikuwa kubwa kweli, na anayekataa kwamba hali ya hewa inabadilika hajalima wala hajajenga. Lakini mimi nilikuwa nimesimamia kazi katika miinuko ya magharibi kwa miaka mingi, nami najua kilichofanyika huko. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja, nyasi na miti kwenye udongo mwekundu kilikuwa kikimeza mvua ya saa nzima bila kutoa tone barabarani. Leo kiwanja hicho hicho kina gorofa zaidi ya kumi, na sehemu iliyobaki imefunikwa kabro, yaani vitofali vya zege, kutoka ukuta hadi ukuta ili magari yaegeshwe. Mwenye kiwanja huwa na swali moja tu kuhusu mvua: "Fundi, maji yatatoka upesi?" Hutoka upesi sana. Mabomba tuliyotandika huyapeleka mtoni kabla mvua haijakatika, na maji ya viwanja mia vinavyofanana hukutana bondeni kwa wakati mmoja, kisha huteremka kwa watu ambao hawakuulizwa.

Baada ya mafuriko serikali iliamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru wakati familia nyingi zilikuwa bado zinaanika magodoro. Naunga mkono mto kuwa na nafasi yake. Anayejenga kwenye mkondo amejenga kwenye njia ya mwenyewe, na maji hurudi kudai. Kinachoniuma ni kwamba sheria iliusoma mto kuanzia chini. Iliona mabati ya ukingoni, haikuona mabomba ya juu. Mwaka 2018 majumba kadhaa makubwa yaliyojengwa juu ya kingo za mito yalibomolewa mchana mbele ya kamera, na wengi wetu tukadhani utaratibu mpya umeanza, lakini kazi hiyo ilipoa. Nilipata kufanya kazi karibu na kiwanja kimoja ambacho tajiri wake alikuwa akimwaga udongo kila usiku ili kuusukuma mto pembeni na kuongeza upana wa eneo lake. Alifaulu kupata mita kadhaa. Mto nao ulipata mita hizo ng'ambo ya pili, kwa kuula ukingo uliokuwa na vibanda.

Nilichojifunza kuhusu mchanga kilinichukua muda mrefu zaidi kukielewa, kwa sababu hakikuonekana kutoka kwenye mjengo. Mchanga mwingi unaojenga Nairobi hutoka katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kajiado. Lori linaingia, linamwaga, dereva anatia sahihi, na kwetu sisi habari inakwisha hapo. Dereva mmoja mzaliwa wa Ukambani, tuliyezoeana kwa sababu aliniletea mchanga miaka mingi, siku moja aliniambia nimwangalizie gari lake kwa sababu alitaka kumpigia mama yake simu, na aliporudi alikuwa na uso mzito. "Kaka," akasema, "mama anatembea mbali sasa kutafuta maji. Kisima chake cha mtoni kimekauka." Nikamuuliza kama mvua imekosa. Akaniambia mvua ilinyesha. Kilichokosekana ni mchanga.

Aliinama akateka mchanga mkononi kutoka kwenye rundo lililokuwa limefika asubuhi hiyo na akanionyesha. Sehemu ya ndani ya rundo ilikuwa bado na unyevunyevu. Katika mito ya Ukambani, ambayo hutiririka wiki chache na kukauka juu, maji hubaki ndani ya mchanga, yakilindwa dhidi ya jua na mbu, na watu huchimba kwa mikono wakateka yaliyochujika. Ndiyo maana watu wa huko wamejenga kuta za zege katika mikondo ili mvua ikija ilete mchanga, mchanga ukae, na maji yakae ndani yake. Malori yakikwangua mchanga hadi kwenye mwamba, mvua inayofuata hupita mbio bila kuacha kitu, kingo hubomoka na nguzo za madaraja hubaki uchi. Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kudhibiti uchimbaji huo, na naiheshimu kaunti hiyo kwa jambo hilo, ingawa sheria ya kaunti moja huhamishia malori kwa jirani. Tangu siku ile siwezi kutazama rundo la mchanga nikaliona kuwa ni bidhaa ya dukani. Ule ni mtungi wa maji wa mtu.

Na sisi tunawarudishia nini watu wa Ukambani? Mto wetu mweusi. Mto Nairobi huungana na Athi, na Athi hupita Machakos na Makueni, huitwa Galana kisha Sabaki, na humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Wakulima wa huko chini humwagilia kwa maji tuliyoyachafua, na bwawa kubwa la Thwake linalojengwa juu ya mto huo limezua wasiwasi huo huo. Kwa upande wa juu hali haina heshima zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka Murang'a, hasa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, na bwawa hilo hutegemea msitu wa Nyandarua na subira ya wakulima wanaoona bomba kubwa likipita huku baadhi yao wakiteka maji kwa ndoo. Jiji lenye watu 4,397,073 kwa hesabu ya mwaka 2019 linasimama juu ya ukarimu wa kaunti nyingine kwa maji na kwa mchanga, na bado linaugawa ukarimu huo vibaya: Dandora mfereji ukikatika maji hununuliwa mtungi mmoja mmoja kwa mwenye mkokoteni, kwa bei ambayo kwa lita ni kubwa kuliko ile anayolipa aliyeunganishwa mfereji unaotoka kila siku.

Sielezi haya kana kwamba njia imefungwa. Nilikuwa nikifanya kazi upande wa Muthaiga wakati wa mapambano ya Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao sehemu zake zilikuwa zimeanza kugawiwa watu binafsi. Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miche getini Januari 1999, wakapigwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Vijana wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na ujenzi haukuendelea. Leo watu wa matabaka yote hutembea humo, vijito hupita chini ya miti, na udongo wake mwekundu humeza mvua ambayo ingeteremka Mathare. Anayeishi bondeni Mathare anadaiwa na Karura shukrani ambayo huenda hajawahi kuifikiria. Vivyo hivyo karibu na mzunguko wa Globe, ambapo palikuwa jaa la kutisha, juhudi zilizoanzishwa na waziri John Michuki mwaka 2008 ziliacha bustani yenye jina lake kando ya mto. Na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, ambayo wafanyabiashara wengi walilia kwamba ingewaua, iliondoa kitu tulichokuwa tukikizibua mitaroni kila baada ya mvua.

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na inaitaka nchi katika kifungu cha 69 ifikishe angalau asilimia 10 ya ardhi yake iliyofunikwa na miti. Serikali imetangaza hata sikukuu za kupanda miti, kama ile ya tarehe 13 Novemba 2023. Nilishiriki, na vijana wa Korogocho waliosafisha kipande cha ukingo kwa majembe yao wamenionyesha miche iliyoshika vizuri kwa sababu mtu aliimwagilia kiangazi kizima. Lakini mche wa ukingoni hauwezi kuubeba mzigo wa bomba la juu. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu, ningeacha sikukuu na kushika karatasi ya kibali cha ujenzi: kila mchoro wa jengo, magharibi na mashariki, uonyeshe mvua ya paa lake inakwenda wapi na kiasi gani kinabaki kiwanjani.

Kazi hiyo haihitaji elimu ya ajabu. Katika mijengo ninayosimamia sasa nawaonyesha wenye viwanja hesabu ya tangi la kukinga maji ya paa, shimo lililojazwa mawe la kunywesha mvua ardhini penye udongo mwekundu, na ukanda wa nyasi badala ya kabro kwenye ukuta wa nyuma. Penye udongo mweusi shimo la kunywesha halifai, kwa sababu maji yatauvimbisha udongo karibu na msingi, kwa hiyo huko tunaweka matangi peke yake na kuinua sakafu. Baadhi yao hukataa. Wanaokubali hukubali zaidi kwa ajili ya bei ya maji ya bauza, yaani lori la tangi, kuliko kwa ajili ya watu wa bondeni, nami sioni ubaya. Tangi likijaa, limejaa.

Hapa mtaani tumepiga alama ya rangi kwenye nguzo na kuta kuonyesha maji ya mwaka 2024 yalifika wapi. Wenye nyumba wawili walizifuta usiku kwa sababu wapangaji walizitazama wakaondoka, na vijana wakazirudisha. Tumepeleka barua kwa ofisi ya kaunti tukiomba alama hizo zitambuliwe rasmi, na vibali vya chini ya mstari huo visitolewe bila sakafu kuinuliwa, na mabomba ya viwanja vya juu yakaguliwe kabla ya masika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili imepigwa muhuri wa kupokelewa, na tumeambiwa turudi na michoro ya mitaro, ambayo ninaichora jioni baada ya kazi, nyumba kwa nyumba, kuanzia juu ya mtaa kuteremka hadi mtoni.